Urithi na polimofizimu: mambo mawili yanayofundishwa kama moja

Ukikaa na wanafunzi wa TEHAMA mtihani unapokaribia, au na kijana anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya kuandika programu, utasikia swali lilelile: urithi na polimofizimu vinatofautianaje? Jibu linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye noti zinazopigwa fotokopi ni la kukariri. Urithi ni klasi mtoto kuchukua sifa za klasi mzazi. Polimofizimu ni kitu kimoja kuwa na sura nyingi. Kisha unafuata mfano wa mnyama, mbwa na paka: mbwa anabweka, paka analia nyau, somo limekwisha. Mwanafunzi anaandika hivyo na alama anapata. Baadaye akipewa mradi wa kweli hajui aanzie wapi, maana hakuna mteja aliyewahi kuagiza programu ya kubweka.

Mkanganyiko huu una chanzo. Mambo haya mawili hufundishwa kwa pumzi moja, katika mada moja, kwa mfano uleule, mpaka yanaganda pamoja kichwani. Ni kweli yalizaliwa karibu karibu, na katika lugha nyingi za programu huandamana. Lakini urithi unahusu nani aandike msimbo, yaani maandishi ya programu, na nani autumie bila kuuandika tena. Polimofizimu inahusu nani anahitaji kujua nini. Niseme mapema ninakoelekea: kati ya hayo mawili, polimofizimu ndiyo mali. Urithi ni njia mojawapo ya kuifikia, tena si mara zote njia nzuri.

Tuanze na maneno matatu, halafu twende kazini. Objekti ni sehemu ya programu inayobeba taarifa zake yenyewe pamoja na kazi inazoweza kufanya kwa taarifa hizo. Methodi ni mojawapo ya kazi hizo. Klasi ni maelezo ya jinsi objekti za aina fulani zinavyotengenezwa: zitabeba taarifa gani, zitakuwa na methodi gani. Klasi moja ya basi inaweza kuzaa objekti elfu moja za mabasi, kila moja na namba yake ya usajili. Hayo yanatosha kwa sasa.

Foleni ya darajani

Daraja la Nyerere kule Kigamboni, Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka 2016, na vyombo vinavyopita hapo hulipa tozo kulingana na aina yake. Tuseme umepewa kazi ya kuandika programu ya daraja la namna hiyo. Viwango na kanuni nitakazotumia ni za kubuni, kwa hiyo usije ukabishana na mhudumu wa kibandani kwa kunukuu makala hii. Pikipiki inalipa kiasi kimoja. Basi linalipa kiwango cha msingi pamoja na nyongeza kwa kila siti. Lori linalipa kwa idadi ya ekseli, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu.

Mtu yeyote aliyesoma programu kwa wiki chache ataandika hivi, kwa lugha ya Python:

```
def tozo(chombo):
    if chombo.aina == "pikipiki":
        return 300
    elif chombo.aina == "basi":
        return 1000 + 50 * chombo.siti
    elif chombo.aina == "lori":
        return 2000 * chombo.ekseli
```

Msimbo huu unafanya kazi, na sitaki mtu aucheke. Shida inaanza pale programu inapokua. Risiti ya lori inatakiwa ionyeshe ekseli, ya basi ionyeshe siti, kwa hiyo sehemu ya risiti nayo inauliza: ni pikipiki, ni basi, au ni lori? Sehemu ya kupanga njia inauliza tena swali hilohilo, kwa kuwa malori yana njia yao. Taarifa ya jioni ya mhasibu inauliza mara ya nne. Siku uongozi ukisema guta nazo ziruhusiwe kupita, inabidi uzisake sehemu zote nne na kuongeza mstari katika kila moja. Ukisahau moja, hakuna kengele itakayolia. Guta litapita, risiti itatoka tupu, na utajua siku ya ukaguzi.

Tatizo la namna hii halikuzaliwa kwetu wala jana. Miaka ya 1960, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway jijini Oslo, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walikuwa wakitengeneza lugha ya kuigiza mifumo halisi ndani ya kompyuta: foleni, viwanda, usafiri, vitu vingi vinavyokwenda kwa wakati mmoja na kungojana. Waliiita Simula. Miongoni mwa mifano waliyoishughulikia ilikuwepo foleni ya kibanda cha tozo darajani, yenye mabasi na malori ndani yake. Basi na lori havifanani, lakini vyote viwili vinapanga foleni, vyote vina cha mbele yake na cha nyuma yake, vyote vinangoja. Je, uandike kanuni za kupanga foleni mara mbili, moja ya mabasi na moja ya malori? Au uziandike mara moja, kisha ukubali kwamba foleni haijui kilichomo ndani yake?

Suluhisho lao likaingia katika Simula 67. Klasi moja inaweza kujengwa juu ya nyingine, ikachukua kila kilichomo na kuongeza cha kwake. Huo ndio urithi. Na pembeni yake wakaweka kitu cha pili, tofauti kabisa: uwezo wa kutangaza kwamba methodi fulani katika klasi ya juu inaweza kujazwa upya na klasi ya chini, ili anayeiita kutoka nje apate ile inayofaa objekti iliyopo. Hiyo ndiyo polimofizimu tunayoizungumzia. Tangu mwanzo, basi, vilikuwa vipande viwili. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya taaluma ya kompyuta, ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki mwaka 2002.

Kwanza urithi

Turudi darajani. Vyombo vyote vina namba ya usajili, vyote vinafika saa fulani. Hayo tunayaweka mahali pamoja:

```
class Chombo:
    def __init__(self, namba):
        self.namba = namba

    def fika(self, saa):
        self.saa_ya_kufika = saa

class Pikipiki(Chombo):
    def tozo(self):
        return 300

class Basi(Chombo):
    def __init__(self, namba, siti):
        super().__init__(namba)
        self.siti = siti

    def tozo(self):
        return 1000 + 50 * self.siti
```

`__init__` ni methodi inayoendeshwa objekti inapozaliwa, `self` ni objekti yenyewe, na `super()` inaita methodi ya klasi ya juu. Klasi ya Lori itafuata mtindo huohuo, ikiwa na ekseli badala ya siti. Maneno `Basi(Chombo)` yanaiambia kompyuta kwamba Basi limejengwa juu ya Chombo. Methodi ya `fika` haijaandikwa ndani ya Basi, lakini kila basi linayo. Siku ukiamua kuandika tarehe pamoja na saa, unabadilisha mahali pamoja, na aina zote zinapata mabadiliko.

Hapo urithi umemaliza kazi yake: msimbo ulioandikwa mara moja unatumika na wengi. Angalia kwamba sijasema lolote kuhusu sura nyingi.

Hapa nitaje lawama yangu dhidi ya ule mfano wa mzazi na mtoto, unaorudiwa hata katika vitabu vizuri. Katika familia, mtoto anarithi shamba, na baba akifa shamba linakuwa la mtoto. Katika programu hakuna kinachohamishwa na hakuna anayekufa. Tena mtoto wa binadamu si aina ya baba yake, bali ni mtu mwingine kamili mwenye jina lake na tabia zake. Basi, kwa upande wake, *ni* Chombo. Kila basi ni chombo cha usafiri, sasa hivi na siku zote. Wanaoshika picha ya familia hujikuta wakitengeneza klasi kwa kufuata nani amefanana na nani, na humo ndimo yanamotoka madudu tutakayoyaona mbele. Afadhali kusema klasi ya jumla na klasi mahususi, hata kama hayana utamu wa baba na mwana.

Kisha polimofizimu

Sasa tazama mistari hii mitatu:

```
jumla = 0
for chombo in foleni:
    jumla = jumla + chombo.tozo()
```

Foleni ina pikipiki, mabasi na malori yamechanganyika. Msimbo huu unapita kwa kila kimoja na kukiambia: nipe tozo yako. Haukiulizi wewe ni nani. Basi linajibu kwa kuhesabu siti, lori kwa kuhesabu ekseli, pikipiki inataja bei yake. Swali la aina ya chombo, lililokuwa limetapakaa sehemu nne za programu, limetoweka hapa.

Hiyo ndiyo polimofizimu, na ningependa msomaji aione kwa upande wa *anayeuliza*. Maelezo ya kawaida hutazama upande wa anayejibu: kitu kimoja, sura nyingi. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaficha faida. Faida iko kwa anayeuliza: mistari mitatu ya mhasibu haitaguswa tena. Guta likija, utaandika klasi ya Guta yenye methodi yake ya `tozo` na kuiingiza kwenye foleni. Mhasibu hataambiwa, na hahitaji kuambiwa. Msimbo wa mwaka jana unaendesha klasi iliyoandikwa leo asubuhi, bila aliyeuandika kujua kwamba siku moja guta zingekuwepo.

Kompyuta inajuaje methodi ipi iendeshwe? Wengi huona kama uchawi, kumbe ni utaratibu wa kawaida. Katika lugha kama C++ na Java, kila objekti kwa kawaida hubeba ndani yake kielekezi kilichofichwa, yaani anwani ya mahali pengine katika kumbukumbu, kinachoonyesha jedwali la klasi yake. Jedwali hilo linaorodhesha mahali kila methodi ilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Unapoandika `chombo.tozo()`, programu ikiwa inakwenda, inafuata kielekezi hadi kwenye jedwali, inasoma nafasi ya tozo, inaruka huko. Basi lina jedwali la mabasi, lori lina la malori. Python hufanya kwa njia yake: inatafuta jina `tozo` kwenye objekti, ikikosa inatazama klasi yake, ikikosa tena inapanda klasi ya juu, na kadhalika. Uamuzi unafanyika wakati programu inakimbia, si wakati ulipoiandika. Gharama yake ni ndogo mno kwa programu nyingi, ingawa wanaoandika michezo ya kompyuta yenye mamilioni ya objekti huihesabu.

Sasa jaribu hili mwenyewe. Katika msimbo wa juu, futa neno `Chombo` kwenye mabano ya klasi zote. Vunja urithi kabisa, kila klasi isimame peke yake na kuandika namba yake yenyewe. Kisha endesha ile mistari mitatu ya mhasibu.

Itafanya kazi. Jumla itatoka ileile.

Python haikujali kama basi na lori vina ukoo mmoja. Ilichojali ni kwamba kila kilichomo kwenye foleni kikiulizwa `tozo` kina jibu. Polimofizimu ipo, urithi haupo. Ukilielewa jaribio hili dogo, nusu ya mkanganyiko imeisha.

Upande wa pili nao upo: urithi bila polimofizimu. Mfano wake mzuri ni C++, lugha aliyoianza Bjarne Stroustrup mwaka 1979 katika maabara za Bell, Marekani, baada ya kuitumia Simula akiwa mwanafunzi wa udaktari Cambridge. Katika C++, methodi haiwi ya kujazwa upya mpaka uitangaze hivyo kwa neno `virtual`, neno lililotoka Simula. Tuseme Chombo kina methodi ya tozo inayorudisha sifuri, Basi linarithi Chombo na kuandika tozo yake, lakini umesahau `virtual`. Foleni yako imetangazwa kuwa ya vielekezi vya Chombo. Ukiuliza tozo, kompyuta itatazama tangazo la foleni, si kilichomo, na itaendesha tozo ya Chombo. Kila basi linalipa sifuri, kila lori sifuri. Urithi uko sahihi, msimbo unakubalika, programu haikwami popote, na daraja halijaingiza hata senti moja.

Lugha zilizokata shauri

Mwaka 2009 Google ilitoa lugha ya Go, na ndani yake hakuna urithi wa klasi hata kidogo. Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, haina pia. Lugha zote mbili zina polimofizimu kamili. Zinaipata kwa mkataba: unatangaza kwamba mkataba wa "chenye tozo" unadai methodi ya tozo inayorudisha namba, basi. Foleni inapokea chochote kinachotimiza mkataba huo. Java, iliyotoka mwaka 1995, ina njia zote mbili. Klasi moja inaweza kurithi klasi moja tu, lakini inaweza kutimiza mikataba mingi, ambayo Kiswahili cha kompyuta huiita violesura. Wabunifu wa Java waliukwepa kwa makusudi urithi wa klasi mbili kwa mpigo, ambao C++ na Python wanaruhusu. Ukiwa na gari la zimamoto la jeshi linalorithi Zimamoto na Jeshi, na kila klasi ina kanuni yake ya msamaha wa tozo, ipi ishinde? Python ina kanuni maalumu ya kupanga foleni ya klasi za juu ili jibu liwe moja siku zote. Java ikaona heri kuepuka kesi.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba lugha isiyo na urithi si ya objekti, mkumbushe Smalltalk. Alan Kay, ambaye kwa kiasi kikubwa ndiye aliyelipa jina wazo zima la programu za objekti, alitengeneza Smalltalk ya kwanza na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California, mwaka 1972. Haikuwa na urithi. Uliingia katika toleo la 1976. Kwa Kay, kiini cha jambo kilikuwa objekti kutumiana ujumbe, na ujumbe hujibiwa kwa namna ya anayeupokea, kama lile swali la tozo lilivyojibiwa na basi na lori kila moja kivyake.

Kuna mkanganyiko mwingine wa pembeni ambao sitaukalia sana. Neno polimofizimu linabeba zaidi ya jambo moja. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Simula 67, mtaalamu wa kompyuta Mwingereza Christopher Strachey, katika mihadhara yake jijini Copenhagen, alitofautisha aina mbili. Moja ni ishara moja kufanya kazi tofauti kwa aina tofauti, kama alama ya kujumlisha inayojumlisha namba na pia kuunganisha maneno. Nyingine ni msimbo mmoja kufanya kazi ileile kwa aina yoyote, kama orodha inayobeba namba, majina au mabasi bila kubadilika. Hii ya foleni ya darajani ni ya tatu. Mwalimu anayesema kwamba methodi mbili zenye jina moja na vigezo tofauti (taarifa zinazopewa methodi ikiitwa) ni polimofizimu hajakosea, anaongelea ile ya kwanza. Kwenye usaili, muulize anayekuuliza anamaanisha ipi. Swali lenyewe litakupa alama.

Pale urithi unapouma

Kijana amepewa kazi ya kuongeza baiskeli kwenye mfumo. Anatazama klasi zilizopo, anaona Pikipiki: magurudumu mawili, mtu mmoja au wawili juu yake, njia ileile ya pembeni. Mambo mengi anayohitaji yameshaandikwa humo. Anaandika `class Baiskeli(Pikipiki)`, anabadilisha tozo, anakwenda kunywa chai. Tatizo dogo tu: baiskeli haina namba ya usajili. Tuseme Chombo kina methodi ya kutoa namba: anaijaza upya ili irushe kosa ikiitwa.

Usiku taarifa ya siku inaanza kuchapwa. Inapita kwa kila pikipiki na kuiomba namba, kwa kuwa kila pikipiki ina namba, na aliyeandika taarifa hiyo alikuwa na haki ya kuamini hivyo. Inafika kwenye baiskeli. Inaanguka. Kosa linaonekana kwenye taarifa, mahali ambapo hakuna aliyegusa kitu, na fundi wa zamu anakesha akitafuta ubaya usiokuwepo.

Barbara Liskov, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, alilizungumzia hili katika hotuba yake ya mwaka 1987, na mwaka 1994 akaliandika kwa ukamilifu pamoja na Jeannette Wing. Kwa lugha ya darajani, kanuni inasema hivi: kama msimbo umeandikwa kwa kuamini kwamba unapokea pikipiki, basi klasi yoyote inayojiita aina ya pikipiki lazima iweze kukaa mahali pake bila msimbo huo kuharibika. Kufanana hakutoshi, wala kuwa na methodi zilezile kwa majina. Ahadi zote za pikipiki lazima zitimizwe. Baiskeli inavunja ahadi ya namba, kwa hiyo katika mfumo huu baiskeli si pikipiki, hata kama kwa macho zinakaribiana.

Ona jinsi mambo yetu mawili yanavyogongana hapa. Kijana alitaka urithi tu, yaani kupunguza kuandika. Lakini alipoandika yale mabano, bila kujua alitia saini ya polimofizimu pia: alitangaza kwa programu nzima kwamba baiskeli inaweza kupelekwa popote pikipiki inapopelekwa. Katika Java na nyingine nyingi huwezi kupata la kwanza bila kubeba la pili. Ndiyo maana "nimerithi ili nisirudie msimbo" ni sababu dhaifu, ingawa ndiyo inayotajwa zaidi madarasani.

Wakubwa nao wameteleza hapo hapo. Maktaba ya Java, yaani klasi zinazokuja tayari na lugha yenyewe, ina klasi iitwayo Stack, yaani rundo: unaweka juu, unatoa juu, huruhusiwi kuchomoa katikati. Waliitengeneza kwa kurithi Vector, orodha ya kawaida, kwa kuwa kazi ya kuhifadhi ilikuwa imeshafanywa humo. Matokeo yake Stack ilirithi pia methodi za kuingiza na kuondoa vitu popote kwenye orodha, jambo linaloua maana yote ya rundo. Kuziondoa sasa haiwezekani, maana kuna programu duniani zinazotegemea kuwepo kwake. Nyaraka za Java zenyewe zinashauri utumie kitu kingine badala yake.

Dawa ni ya kawaida. Badala ya kusema rundo *ni* orodha, sema rundo *lina* orodha ndani yake. Objekti ya rundo inabeba orodha kama taarifa yake ya siri, na kwa nje inaonyesha methodi mbili tatu inazotaka. Baiskeli nayo, kama inahitaji kanuni za njia ya pembeni zilizo ndani ya Pikipiki, zitoe kanuni hizo ziwe klasi yake ndogo, kisha pikipiki na baiskeli kila moja iwe na hiyo ndani yake. Kurudia msimbo hakupo, na hakuna anayeahidi namba asiyokuwa nayo. Utaandika mistari kadhaa zaidi. Kwa maoni yangu ni bei ndogo.

Sisemi urithi utupwe. Klasi ya Chombo tuliyoanza nayo inafaa: ni fupi, inabeba vitu ambavyo kweli kila chombo chenye usajili kinavyo, na hakuna aina inayolazimika kukana kitu ilichorithi. Urithi wa ngazi moja au mbili unasomeka. Ukizidisha ngazi, ukiwa na BasiLaMikoaniLaUsiku lililorithi BasiLaMikoani lililorithi Basi, kila anayetaka kujua tozo imetoka wapi inabidi apande ngazi zote na kushuka, na akigusa juu hajui nani ataumia chini.

Tena kuna hali ambayo klasi zote hizi hazihitajiki. Tazama upya zile kanuni nilizobuni. Basi linahesabu siti, lori linahesabu ekseli: hesabu zenyewe ni tofauti, kwa hiyo klasi tofauti zina kazi ya kufanya. Lakini kama daraja lako lina bei moja kwa kila aina, pikipiki kiasi hiki, bajaji kiasi kile, kosta kiasi kingine, basi tofauti yao ni tarakimu tu. Kuandika klasi kumi na mbili ili kila moja irudishe tarakimu yake ni kujisumbua. Weka jedwali kwenye hifadhidata, safu moja aina, safu nyingine bei, na klasi moja ya Chombo inayosoma humo. Tozo za Kigamboni zimewahi kupunguzwa baada ya daraja kufunguliwa, na kwingine zitabadilika pia. Bei ikiwa kwenye jedwali, karani mwenye ruhusa anabadilisha namba na kesho asubuhi kibanda kinatoza kiwango kipya. Ikiwa imeandikwa ndani ya klasi, atafutwe mwandishi wa programu, naye aanze kuuliza nani aliziandika.